Uzi wa paka wa Kiajemi: alikotoka, tabia zake, na kwa nini utazame pua kabla ya kutoa hela

SHARUBU (mleta uzi):

Wakuu, heshima kwenu. Kila baada ya siku chache humu anatokea mdau na picha ya paka mwenye manyoya mengi, anauliza, "Huyu ni Persian orijino?" Majibu yanakuwa ya kubahatisha, mwisho uzi unageuka wa kejeli. Mimi nafuga hawa viumbe, na ndugu na jirani wakisafiri wananiachia wa kwao, kwa hiyo nimeshachana manyoya ya kutosha. Naweka ninachokijua. Ni marefu, asiyependa kusoma ahamie jukwaa la mpira.

Tuanze na asili, maana hapo ndipo tunapopigwa. Ukienda kununua utaambiwa huyu ni paka wa wafalme wa Uajemi (Persia, Iran ya leo) tangu enzi na enzi, damu haijaguswa. Kuna ukweli kidogo humo, kama robo hivi.

Mwaka 1620 Mwitaliano mmoja wa Roma, Pietro della Valle, alikuwa Uajemi enzi za mfalme Shah Abbas. Akaandika barua kwao akiwasimulia paka wa jimbo la Khorasan: umbo la kawaida tu, ila rangi ya kijivu, na manyoya marefu, membamba, laini, yenye kung'aa, na mkia uliojaa ambao wanaukunjia mgongoni. Alikuwa ameshapata majozi manne ya kupeleka Italia. Akagusia pia kwamba Wareno walishawafikisha hadi India. Hao ndio Wareno wale wale ambao wakati huo walikuwa wamejichimbia Fort Jesus, Mombasa.

Karne hiyo hiyo paka wengine wa manyoya marefu wakaingia Ufaransa kutoka Uturuki, upande wa Ankara, mji ambao Wazungu waliuita Angora. Basi kwa zaidi ya miaka mia mbili wa Uajemi na wa Uturuki wakawa wanazaliana Ulaya, na paka wa mitaani wa huko huko nao hawakukaa pembeni. Hakukuwa na daftari wala cheti.

Mambo yakabadilika London. Tarehe 13 Julai 1871 mchoraji Harrison Weir aliandaa maonyesho makubwa ya paka kwenye jengo la Crystal Palace. Watu walifurika. Baada ya hapo vikaja vilabu, na vilabu vikaja na masharti: kichwa cha mviringo, masikio madogo, miguu mifupi, mwili mnene, manyoya ya kumwagika. Malkia Victoria naye alifuga wa rangi ya kijivu-buluu, na mkubwa akipenda kitu, wenye hela wote wanakipenda. Angora, ambaye ana kichwa chembamba na mwili mrefu, alisukumwa pembeni mpaka akakaribia kupotea kwenye vitabu vya vilabu. Waturuki wenyewe ndio waliomhifadhi kwenye bustani ya wanyama ya Ankara, na miaka ya 1960 Wamarekani wakaenda kuwachukua huko.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima vinasaba vya paka wa sehemu nyingi za dunia. Paka wa Kiajemi wa leo wakaangukia kundi moja na paka wa Ulaya Magharibi. Iran hawakukaribia. Kwa hiyo mkuu, unayemnunua alitengenezwa na Waingereza, akamaliziwa na Wamarekani. Anayekuuzia "damu ya Shah" anakuuzia hadithi.

Na uso nao ni hivyo hivyo. Tafuta picha za paka wa Kiajemi wa mwaka 1900 hivi: pua ipo, imechomoza, paka anapumua. Ule uso bapa, pua imezama katikati ya macho, ni mapenzi ya majaji wa maonyesho ya Marekani katika nusu ya pili ya karne iliyopita. Kila mwaka aliyeshinda alikuwa bapa kidogo kuliko wa mwaka uliopita. Chama kikubwa cha Uingereza, GCCF, kiliweka mpaka: ncha ya juu ya pua isipite ukingo wa chini wa jicho. Ndiyo maana sokoni kuna wawili, wa uso bapa na wa uso wa zamani. Wauzaji wetu wanamuuza bapa kwa bei ya juu. Mimi ningekuwa na uwezo ningefanya kinyume.

Tabia naandika chini, ngoja nile kwanza.

JIRANI WA MABIBO:

Naweka kambi hapa. Mwaga madini mkuu.

MKIA WA FUNGO:

Kuna jamaa anataka laki nane kwa kitoto cha paka. Laki nane! Hapo si napata mbuzi kadhaa, wanazaa, na nikiwa na njaa nachinja. Paka laki nane na panya hakamati.

SHARUBU:

Mkuu, nenda kafuge mbuzi kwa amani, hakuna atakayekuzuia. Kuhusu panya: atamtazama. Wa kwangu aliwahi kumfuata panya buku kwa macho kutoka jikoni hadi mlangoni, akarudi kulala.

Haya, tabia. Paka wa kawaida anapanda juu ya kabati. Wa Kiajemi ni wa chini. Ana miguu mifupi na mwili mzito, hivyo kurukaruka siyo fani yake. Atachagua sehemu moja, mara nyingi sakafu yenye baridi au kiti chako, na hapo ndipo makao makuu. Sauti yake ndogo sana, hata akiwa na njaa anakuita kwa adabu. Hakimbilii wageni. Anakuja, anakaa hatua mbili kutoka kwako, anakupa mgongo. Wengi wanadhani ananuna. Hapana, paka akikupa mgongo maana yake hakuogopi. Baada ya muda anasogea, anagusa mguu wako kwa mkia, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

Kitu anachokichukia ni fujo na mabadiliko. Nilihamisha kochi kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, paka wangu, bibi mkubwa, akagoma kula mpaka usiku. Nyumba yenye watoto wa kukimbizana na muziki wa saa zote, huyu hatakaa vizuri. Atajificha chini ya kitanda na mtasema ana jini. Mtu mzima anayeishi peke yake, wazee waliostaafu, mwanafunzi anayesoma usiku, hao ndio wenzake. Florence Nightingale, yule mama wa wauguzi, alikuwa akifuga hawa wengi tu, na mmoja dume kubwa alimwita Bismarck.

Halafu kuna kuchana. Hapa ndipo wengi wanashindwa, na nataka muelewe kabla hamjanunua. Manyoya yake yana tabaka mbili. La juu ni refu, la chini ni jepesi kama pamba, na hilo la chini ndilo linalojisokota. Ukipitisha brashi juu juu paka anang'aa, unapiga picha, unaposti, kumbe chini kuna mafundo. Weka kidole nyuma ya sikio, kwapani, kati ya mapaja, chini ya mkia. Utakutana na kifundo kidogo kama punje ya mahindi. Kishike kwa vidole viwili karibu na ngozi ili usimvute, kisha kifungue kwa ncha ya chanuo la chuma kuanzia juu kwenda ndani. Usikate kwa mkasi! Ngozi ya paka ni nyembamba na inapanda pamoja na fundo, utamchana kweli. Ukiacha wiki mbili mafundo yanaungana yanakuwa kama zulia, ngozi inavutwa kila akitembea, na chini yake vidonda. Ni kila siku, dakika kumi hivi. Usipoweza kila siku, usimchukue.

BINT MUTTRAH:

Ahlan Sharubu, umenena. Mie niko Maskati na huku Ghuba jina lake ni Shirazi, ukisema "Kiajemi" wenye duka hawakufahamu. Wako kila nyumba. Lakini nyumba za huku zina kiyoyozi mchana na usiku, ndo maana wanaishi. Tatizo la huku jengine: watu mkataba ukimalizika wanarudi kwao, paka anaachwa nje. Paka alozoea zulia na baridi anatupwa kwenye jua la Juni. Mie nilokuwa naye sasa nimemuokota karibu na jaa la taka, mafundo mwili mzima, ilibidi kunyolewa kote kwa mashine. Alipoota manyoya upya ndo nkajua kumbe mweupe!

Sasa mwanangu yuko Tanga anataka nimletee mmoja. Joto la Tanga atalistahamili?

SHARUBU:

Dada shikamoo. Joto kavu na joto la unyevu yote anayachukia, na la pwani lina unyevu. Anaweza kuishi Tanga, lakini awe ndani, sakafu ya vigae, feni, maji mengi, na mchana dirisha la upande wa jua lifungwe pazia. Wengine wananyoa mwili na kubakiza kichwa, miguu na ncha ya mkia, anakuwa kama simba. Inasaidia, hasa kwa mafundo, ila usinyoe mpaka ngozi, jua litamuunguza. Mwenye uso bapa ana shida zaidi: paka anapozidiwa na joto anahema kwa mdomo, na huyu njia yake ya hewa tayari imebanwa. Ukimwona anahema kama mbwa siyo mchezo, mpeleke kwa daktari.

JIRANI WA MABIBO:

Swali la msingi mkuu. Paka wetu wa mtaani kabisa, wa uani, kazaa watoto wanne. Watatu wa kawaida, mmoja manyoya marefu hatari. Mama mkwe anasema mama yake alitembea na Persian wa ghorofani. Tumuuze kama chotara?

SHARUBU:

Hahaha, mama mkwe mwache paka na heshima yake. Urefu wa manyoya unaongozwa na jeni moja inayoitwa FGF5. Ikifanya kazi, inaambia nywele "basi, simama". Ikiharibika, manyoya yanaendelea kukua. Ili kitoto kiwe na manyoya marefu lazima kirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Kwa hiyo paka wawili wa manyoya mafupi, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja kimya kimya, wanaweza kuzaa mwenye manyoya marefu bila Persian yeyote kukanyaga mtaa huo. Manyoya peke yake hayatoshi kumfanya awe wa Kiajemi. Tazama mifupa: kichwa cha mviringo, masikio madogo yaliyo mbalimbali, miguu minene mifupi, mkia mfupi. Huyo wenu akiwa na uso mrefu na masikio makubwa ni paka wa mtaani mwenye koti zuri. Mpeni mtu atakayempenda, msimuuze kwa jina la uongo.

KILIFI NJEMA:

Mko hapa mnalilia paka wa Wazungu na sisi wenyewe tuko na Sokoke! Paka wa msitu wa Arabuko-Sokoke hapa Kilifi, ana madoadoa ya kahawia kama gome la mti, Ulaya wamemsajili kama mbegu kamili. Manyoya mafupi yamelala, joto hana habari nalo, anapanda miti. Mnashindwa kumtangaza.

SHARUBU:

Kilifi Njema, hapo umenikosha. Fungua uzi wake na mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia. Tukiongea paka aliyejengwa na mazingira yake, Sokoke anamshinda huyu wa kwangu asubuhi mapema.

DOKTA WA MIFUGO:

Nimesoma kimya, sasa niongeze yale ninayoyaona kazini.

Kwanza figo. Paka wa Kiajemi ana ugonjwa wa kurithi ambao figo zinaota vifuko vya maji. Vinakuwepo tangu anazaliwa, vidogo, vinakua taratibu, na dalili mara nyingi hujitokeza akiwa na umri wa miaka kama saba: anakunywa maji mno, anakonda, anatapika. Jeni yake, PKD1, iligunduliwa mwaka 2004, na takwimu zilizokuwa zikitajwa wakati huo ni kwamba karibu asilimia 38 ya paka wa Kiajemi duniani wanao. Huu ni tofauti na mambo ya manyoya aliyoeleza mleta mada: hapa mzazi mmoja tu anatosha, na kila kitoto kina nusu kwa nusu ya kuurithi. Kipimo cha vinasaba kipo, ni kusugua pamba ndani ya shavu. Paka akishafika miezi kumi hata ultrasaundi inaona vizuri. Anayezalisha bila kupima wazazi anazalisha wagonjwa, hata kama ana cheti chenye muhuri wa dhahabu.

Pili uso. Mrija wa machozi unatoka jichoni kwenda puani. Uso ukibanwa, mrija unapinda, machozi yanamwagika nje, ndiyo ile michirizi ya kahawia na matongotongo mnayoyaona. Futa kila siku kwa pamba na maji ya uvuguvugu, pamba moja jicho moja. Taya nalo likiwa fupi meno yanabanana. Na majike wa uso bapa sana wanapata shida kuzaa.

Tatu, mapunye. Manyoya marefu yanaficha fangasi, na paka wa Kiajemi anaweza kubeba bila kuonyesha kidonda chochote, huku watoto wa nyumba wanaota miduara kichwani na mikononi. Watoto wakitibiwa na inarudi kila mara, leteni paka apimwe.

Nne, na hii naomba muisome mara mbili. USIMPE PAKA PANADOL. Ini la paka haliwezi kuivunja, kidonge kimoja kinaweza kumuua. Ufizi unageuka kahawia, uso unavimba, anakosa hewa. Na viroboto msiwatibu kwa dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrin wala kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Paka anajilamba mwili mzima, huyu wa manyoya marefu ndiyo kabisa, na dawa inakaa humo. Anaanza kutetemeka, degedege, anakufa. Napokea kesi hizi kila msimu wa viroboto.

MKIA WA FUNGO:

Dokta, na mbuzi je?

DOKTA WA MIFUGO:

Mbuzi fungua uzi wako.

MWALIMU WA ZAMU:

Asanteni kwa elimu. Mimi nimetumiwa picha ya mweupe pee mwenye macho ya buluu, mzuri mno. Binti yangu amenimaliza. Kuna la kuangalia?

SHARUBU:

Mwalimu, weupe ukikutana na macho ya buluu uwezekano wa uziwi ni mkubwa. Jeni inayofuta rangi inaingilia pia sikio la ndani. Si ugonjwa wa kumkataa, ila ujue. Simama nyuma yake asipokuona, gonganisha viganja vyako mara moja. Masikio yasipocheza, huyo hasikii. Paka kiziwi anaishi vizuri ndani ya nyumba, ila asitoke nje kwenye magari.

Ukienda kumtazama omba umwone mama yake pale pale. Usimkute kitoto peke yake kwenye boksi. Msikilize anapopumua akiwa amelala: akikoroma na bado mdogo, jua akikua itakuwa zaidi. Inua mkia uangalie kama kuna uharo uliokaukia kwenye manyoya. Paka mwenye siha ya tumbo anakuwa safi huko. Umri usiwe chini ya wiki kumi na mbili, wauzaji wanapenda kutoa wa wiki sita kwa sababu ni wadogo na wanapendeza kwenye video. Na kama ana rangi iliyokoza masikioni, puani na miguuni, na macho ya buluu, huyo ni paka wa Himalaya, aliyetokana na kuchanganya paka wa Kiajemi na paka wa Siam. Kazi hiyo ilianza Marekani miaka ya 1930. Tabia yake inafanana, ila ni msemaji zaidi kidogo.

MWALIMU WA ZAMU:

Nimemwandikia muuzaji nikaomba kumwona mama wa kitoto na kama wazazi wamepimwa figo. Amesoma, hajajibu, sasa naona picha yake ya wasifu imepotea.

JIRANI WA MABIBO:

Kakufungia huyo mwalimu 😂

BINT MUTTRAH:

Kheri imekupita mbali, mwalimu. Ukitaka, huku kuna jumuiya za watu wanaowaokota na kuwapa wenye nia bure, wengine wakubwa washapimwa na kuhasiwa. Paka mkubwa tabia yake ushaijua, si kitoto cha kubahatisha. Ila karatasi za safari ni shughuli.

MWALIMU WA ZAMU:

Dokta, hizo karatasi ni zipi? Na kuhasi, nikimpata hapa hapa, ni umri gani?

DOKTA WA MIFUGO:

Kuingiza paka nchini anza na kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara ya mifugo, uwe nacho kabla hajapanda ndege. Huko anakotoka achanjwe kichaa cha mbwa na apate cheti cha afya cha daktari wa serikali. Masharti ya muda yanabadilika, kwa hiyo uliza ofisini, usitegemee uzi. Shirika la ndege nalo uliza mapema: mengi hayabebi paka wa uso bapa kwenye sehemu ya mizigo kwa sababu ya hewa.

Kuhasi, miezi mitano au sita ni sawa. Usimwache jike apate joto la kwanza (kutaka dume) ukidhani unamsaidia, atalia usiku kucha na madume wa mtaani watajaa ukutani. Siku ya upasuaji mwambie daktari mapema kuwa ni wa uso bapa, dawa ya usingizi inahitaji uangalizi zaidi. Na mchane vizuri siku moja kabla, kwapani na tumboni hasa, maana baada ya hapo hutamgusa tumbo kwa siku kumi.